Adungu Aliyoichoma Enoch

Kama ulikuwa na baiskeli Koboko, kule kaskazini mwa Uganda, miaka ile watu walipokuwa wamerudi kutoka ukimbizini, ulimjua kaka yangu Enoch. Na kama baiskeli yako ilikuwa imebeba waragi, ulimjua vizuri zaidi, maana alikufukuza. Alikuwa anainusa. Aliinama mpaka kwenye karia, akavuta pumzi, na akisikia harufu ya pombe aliweka spana chini. "Hii mimi hapana tengeneza," alisema. Watu walimtania kwamba siku moja ataiuliza baiskeli kama imeokoka. Alijibu, bila kucheka hata kidogo, kwamba baiskeli haina roho, mwenye baiskeli ndiye anayo.

Namwita kaka, ingawa ni mtoto wa baba yangu mkubwa, Mzee Onzima wa kijiji cha Inde, upande wa Arua. Baba zetu walizaliwa tumbo moja, nasi tulikulia ua mmoja, tukala sahani moja na kupigwa fimbo moja. Kwa hiyo ninapomsema, namsema kama mtu wa nyumbani, na atakayemsema vibaya mbele yangu ajiandae.

Alimpenda Mungu kwa moyo wake wote. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nimewajua wengi wanaompenda Mungu Jumapili asubuhi na kumwacha kanisani pamoja na viti. Enoch hakuwa hivyo. Aliomba kabla ya kuziba pancha. Mjane akileta gurudumu, alilitengeneza na kumshukuru yeye mjane kwa kulileta. Mtu akisahau pampu yake kibandani, Enoch alimfuata nayo mpaka Oraba, mpakani mwa Sudan, katikati ya malori na wabadilisha fedha, akiuliza mmoja baada ya mwingine mpaka amwone mwenyewe. Hata Waislamu wa Koboko, ambao hawakuwa na haja ya mahubiri yake, walimwachia funguo za maduka yao walipokwenda msikitini.

Lakini kabla ya kuokoka alikuwa mpigaji wa adungu, na habari yote iko hapo.

Adungu ni kinubi chetu. Tumbo lake ni mti uliochongwa ukawa mtupu ndani na kuvikwa ngozi ya ng'ombe, shingo yake imepinda, na nyuzi zinatoka shingoni kushuka tumboni. Baba mkubwa alikuwa fundi wa kuzichonga na bingwa wa kuzipiga. Kisha vidole vyake vikaanza kuuma na kujikunja, mpaka mkono wake ukawa kama mguu wa kuku uliokaushwa. Adungu ya mwisho aliyoweza kuchonga alimpa Enoch. Alipompa alisema kwa Kiswahili, kwa sababu alikuwa askari zamani za Waingereza, na jambo zito kwake lilisemwa kwa lugha ya kambini: "Chukua. Mkono yangu nakufa, lakini yako iko."

Mama yake Enoch alipofariki, mzee alitunga wimbo wa kumlilia. Aliweza kuuimba tu, kuupiga hakuweza. Basi alikaa nyuma ya Enoch, akimgongagonga begani kumwonyesha mwendo, na Enoch akautafuta kwenye nyuzi mpaka mzee akasema, "Hapo." Maneno yake yalikuwa machache. Umeondoka jiko bado lina moto, nitakula na nani. Umeacha mlango wazi, nitamfungia nani. Enoch aliupiga siku ya mazishi, na wanaume wazima walikaa chini. Hakuna mwingine aliyeujua. Mzee hakutaka ufundishwe mtu mwingine, alisema si wimbo wa kuchezea.

Sasa nisimpake Enoch mafuta. Adungu kwetu ilikwenda pamoja na pombe. Palipo na mtungi wa kwete ndipo palipo na mpigaji, na mpigaji hakunywa kwa kikombe chake mwenyewe, alinyweshwa na kila aliyefurahi. Enoch alilewa Inde, akalewa Arua, akalewa hata kwenye misiba ya watu asiowajua. Pasca, mkewe, alikuwa akija kwetu na kulia, nami nikimwambia, "Wifi, mlaze njaa siku moja." Hakuweza. Pasca hajawahi kumlaza njaa hata mbwa.

Kisha vita vikaja. Vilipofika Arua mwaka 1979 wengine walikimbia, na viliporudi kwa ukali mwaka uliofuata tulikimbia wote. Tulivuka mpaka tukaingia Zaire, tukajenga vibanda vya nyasi miongoni mwa watu waliotupokea kwa huruma, kisha kwa uvumilivu. Mzee alikwenda na fimbo yake na ugoro wake. Enoch alikwenda na adungu mgongoni na binti yake mdogo kifuani.

Surua iliingia vibandani. Siku mtoto alipozidiwa, Enoch alikuwa kijiji cha mbali, ameitwa kupiga kwenye sherehe ya Wakongomani. Alirudi kesho yake mchana, akinuka pombe, akiwa na kuku aliyepewa kama ahsante. Alimkuta Pasca amekaa na mtoto aliyekwisha kupoa. Alisimama pale na yule kuku mkononi. Kuku alipiga kelele na hakuna aliyemwambia amweke chini.

Baada ya hapo hakunywa tena. Walokole wa kambini walikuwa na mikutano, na kiongozi wao alikuwa Mindra, mtu mpole, fundi wa kushona. Ilikuwa desturi yao kwamba aliyeokoka analeta mbele ya watu kitu cha maisha yake ya zamani, na kinachomwa moto. Watu walileta hirizi, walileta viko vya tumbaku, mama mmoja alileta mrija wake wa kunywea pombe. Enoch alileta adungu.

Mimi nilikuwepo. Nilimsikia Mindra akimuuliza, "Na hii pia, ndugu?"

"Yote," Enoch alijibu. "Mimi hapana bakisha kitu."

Aliikata nyuzi kwanza kwa kisu, kisha akaiweka motoni yeye mwenyewe. Ngozi ilijikunja upesi na kunuka. Mti ulichelewa, maana mzee alikuwa ameuchagua mti mgumu. Watu waliimba kwa shangwe. Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu, akiegemea fimbo. Alingoja mpaka wimbo ukaisha, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Enoch, Mungu yako nasikia baridi?"

Baadhi ya watu walicheka. Enoch hakucheka, na mzee pia hakucheka. Alikwenda zake akatafuta ugoro. Jioni walikula pamoja, na adungu haikutajwa tena kati yao kwa miaka mingi.

Tuliporudi Uganda, Enoch hakukaa Inde. Alisema Koboko kuna watu waliorudi mikono mitupu kutoka Sudan, hawana mhubiri. Hakuna aliyemtuma. Alichukua mkewe na sanduku lake la spana akaenda. Rafiki yake mkubwa kule alikuwa Nasuru, Mwislamu, mtoto wa askari, mwenye pikapu iliyokuwa ikileta vipuri vya baiskeli kutoka mpakani. Walibishana dini kila siku ya Mungu na kila siku walikula pamoja. Nasuru alikuwa akisema, "Enoch, wewe ungekuwa Mwislamu ungetuchosha sana."

Mwaka 1991 baba mkubwa aliugua, na safari hii hakuwa wa kuinuka. Sisi wanawake tuliomwogesha tulijua. Alikuwa hali chakula, ila aliongea. Siku moja aliniita akaniambia, "Driciru, enda leta Enoch. Mimi nataka sikia wimbo ya mama yake, mara moja tu. Halafu nakwenda."

Nilipanda lori mpaka Koboko. Nilimkuta Enoch amepindua baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu, na Nasuru amekaa kwenye tairi kuukuu akinywa chai. Nikasema yote kama nilivyotumwa, pamoja na habari ya wimbo.

Enoch alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nitakuja leo," alisema. "Nitamwombea baba. Lakini hiyo kitu mimi siwezi kupiga. Mimi niliahidi Mungu."

"Adungu ya kuazima ipo," nikasema. "Jirani anayo."

"Dada, si kukosa adungu."

Nasuru akaweka kikombe chini. "Enoch, sikia. Baba ni baba. Piga leo, kesho tubu. Mungu iko na kesho mingi kuliko baba yako."

"Mungu hapana mutu ya kuchezea," Enoch akajibu.

Nasuru alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda kuwasha pikapu yake bila kuombwa. Habari zilikuwa zimekwisha enea, na kabla hatujaondoka ndugu kadhaa wa kanisa la Enoch walifika na Biblia zao, wakapanda nyuma ili wamsindikize mwenzao kwenye maombi. Watu wazuri. Waliimba mpaka Arua, wakaimba mpaka Inde.

Mzee alikuwa amelazwa kwenye mkeka ndani ya nyumba yake. Mimi nilikuwa nimeiweka adungu ya jirani karibu na ukuta, pale ambapo mtu akiketi kando ya mgonjwa mkono wake utaifikia. Niliiweka makusudi, na nilitaka Enoch ajue nimeiweka makusudi. Aliingia, akapiga magoti, akaishika ile mikono iliyokunjamana akaibusu. Alilia. Asikudanganye mtu kwamba hakumpenda baba yake. Ndugu wa Koboko walisimama mlangoni, kwa kuwa ndani hapakuwatosha, nao wakaitikia amina kwa kila sentensi ya maombi. Aliomba vizuri. Baba mkubwa naye aliitikia amina, maana alibatizwa kabla Enoch hajazaliwa na hakuwahi kugombana na Mungu.

Maombi yakaisha. Mzee akasema, "Ahsante. Sasa piga."

Enoch aliiweka mikono yake magotini.

"Piga, mwanangu. Pombe hakuna hapa. Ni mimi tu."

Niliuona mkono wa kaka yangu. Ulitoka gotini, ukaenda kuelekea ukutani, kwenye adungu. Kisha akageuza uso akatazama mlangoni. Mkono ukarudi.

"Baba, nitaimba wimbo wa Bwana," alisema. "Huo utakusaidia zaidi."

Akaimba wimbo wa kanisa, na ndugu mlangoni wakampokea, sauti tatu, sauti nne, wimbo ukajaa nyumba. Ulikuwa mzuri kweli. Mzee aliusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokila. Kisha akamgusa Enoch shavuni, akageukia ukutani. Hakuomba tena. Siku iliyofuata, jua likiwa juu, alikata roho.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa ya kificho. Mazishini nilimpa Enoch maji ya kunawa bila kumtazama. Lakini aliyemwambia neno ni Pasca, yule asiyeweza kumlaza mtu njaa. Tulikuwa tunaosha masufuria, Enoch akapita, naye akamwambia bila kuinua kichwa, "Mimi niliomba Mungu wewe uache pombe. Sikuomba uache baba." Enoch alisimama kidogo. Akasema amefanya kwa ajili ya Mungu. Pasca akaendelea kusugua sufuria.

Akarudi Koboko kwenye spana zake. Aliendelea vile vile, akinusa karia, akirudisha pampu, akiamka kuomba kabla ya adhana. Watu walimtaja kwenye mahubiri kama mfano: ndugu yetu ambaye hata kilio cha baba yake hakikumrudisha nyuma. Nilipolisikia hilo niliondoka kanisani kabla ya sadaka.

Miaka ikapita. Mwaka 1995 kulikuwa na mkutano mkubwa wa walokole Arua, na Enoch alifikia kwangu, kwa sababu naishi upande wa Ediofe, pale pale Arua, na si mbali kwa miguu. Tulikwenda pamoja. Tulikaa mbele, mahali pa waliookoka zamani. Kwaya ya kwanza ikaitwa. Vijana wakapanda jukwaani wamevaa mashati meupe, na wamebeba adungu. Si moja. Ndogo za kifuani, za kati, na moja kubwa sana ambayo mpigaji wake ilibidi akae juu yake. Walipiga, wakamsifu Yesu, watu wakasimama, kina mama wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kucheza kabla sijakumbuka niko na nani.

Enoch alikuwa amekaa. Mikono yake ilikuwa mapajani na vidole vilikuwa vinatembea.

Mchana alimfuata Mindra, yule fundi wa kushona, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa mwenye mvi. Nami nikafuata nyuma, maana mimi si mtu wa kubaki nyuma.

"Hii adungu kanisani, tangu lini?" Enoch alimuuliza.

"Aa, iko miaka sasa. Vijana walileta, wazee wakasema sawa. Ni mti tu na nyuzi, ndugu yangu. Mutu nasifu Mungu na kitu iko nayo."

"Na yangu?"

Mindra hakuelewa mara moja. Alipokumbuka, uso wake ulibadilika. "Enoch, mimi sikusema uchome. Nilisema kila mutu alete kitu inamfunga. Wewe ulileta hiyo. Mimi hata niliuliza."

"Ndiyo," Enoch akasema. "Uliuliza."

Alirudi kwangu hakula. Alikaa jikoni nikipika, jambo ambalo wanaume wetu hawalifanyi, na kwa muda mrefu aliangalia moto. Nilidhani ataniambia kwamba wazee wa kanisa wamelegea. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu vikali. Lakini alisema jambo jingine.

"Dada, siku ile kwa baba, wewe uliona mkono wangu?"

"Niliuona."

"Ulikuwa unakwenda kupiga. Mimi nilikuwa nimekubali. Nilisikia moyoni, piga, na sikusikia kama ni dhambi. Kisha nikaona wale ndugu mlangoni." Akasukuma ukuni motoni. "Si Mungu niliyemwogopa, Driciru. Mungu alikuwa ameniruhusu. Niliogopa wale watakwenda kusema Koboko kwamba Enoch amerudi nyuma."

Nikaipua sufuria.

"Na ile niliyochoma," akaendelea, "haikuwa yangu hata hiyo. Ilikuwa jasho la baba. Nilimpa Mungu kitu cha baba, na pombe ambayo ilikuwa imekwisha kunishinda. Kitu changu mimi kilikuwa sifa. Hiyo sikuipeleka motoni. Hiyo nimeilea mpaka leo."

Hasira yangu yote ya miaka ile ikaisha pale jikoni, na nilichobaki nacho ni huruma, ambayo ni nzito zaidi kuibeba. Nilimwambia kwamba Mungu husamehe. Alisema anajua, amekwisha kusamehewa, alikuwa ameomba njiani. "Lakini Mungu akinisamehe," alisema, "baba bado hakusikia."

Jumapili iliyofuata alisimama kutoa ushuhuda kanisani kwake Koboko. Nilikwenda, na Pasca alikaa karibu nami akinishika mkono. Nasuru naye alikuwa nje, ameegemea pikapu, maana Enoch alimwomba aje asikie. Enoch alisema yote. Alitaja adungu, akataja mkono, akataja mlango, na akawaambia wale ndugu waliosimama pale siku ile kwamba hawana kosa, kosa ni lake, alitumia macho yao kama sababu. Alisema kwa miaka hii yote alipoitwa mfano alifurahi, na furaha hiyo ilikuwa chafu kuliko waragi.

Kule kwetu ushuhuda ukiisha unaimbiwa. Ndiyo desturi, mtu akitubu watu hawamwachi asimame peke yake katika aibu, wanaanzisha wimbo wa shukrani na kumkumbatia. Basi mtu wa nyuma akaanzisha, wengine wakadaka, makofi yakaanza, na mama mmoja akaja mbele mikono wazi, uso umejaa furaha ya kweli.

Enoch aliinua mkono.

"Ndugu, ngojeni," alisema. "Musiimbe. Mimi bado nalilia baba."

Wimbo ulikatika vipande vipande, kwanza mbele, halafu nyuma. Yule mama alishusha mikono. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa kuwa jambo hilo halikuwa na desturi. Tukakaa kimya, kanisa zima, na kaka yangu akalia mbele yetu kama mtu aliyefiwa asubuhi ile.